Namna ya kuchora majengo ya kale ya mwambao bila kuyadanganya

Krismasi ya 2020 nimekaa zangu nakunywa chai, simu ikaanza kulia, picha zinaingia moja baada ya nyingine: Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la sultani pale Forodhani, Zanzibar, upande wa mbele umeporomoka. Watu wawili walipoteza maisha, hilo tusilisahau. Siku mbili tatu baadaye nikafungua makabrasha yangu kutafuta skechi niliyoichora miaka ya nyuma nikiwa nimekaa pale bustanini, na nilichokikuta kinaniuma mpaka leo. Nguzo tano nimezichora vizuri, kisha vijinukta, kisha nimeandika pembeni "zinaendelea hivyo hivyo". Zinaendelea wapi sasa? Rafiki yangu mmoja fundi aliniuliza kama nina mchoro unaoonyesha vizuri vile vyuma vya baraza za juu, nikamwambia ninao, nikaenda kuangalia, nikakuta mistari mitatu ya ovyo.

Toka siku hiyo nimebadilisha namna ninavyochora, na watu wakawa wananiuliza sana unaanzaje, unakaa wapi, hawakufukuzi? Basi naandika hapa yote kwa mpigo. Ni kwa ajili ya mtu anayetaka kuchora Mji Mkongwe, Lamu, Mombasa, Bagamoyo, Kilwa, Gede, popote kwenye mwambao wetu penye mawe ya zamani. Si lazima uwe fundi wa kuchora. Ila uwe na subira ya kukaa sehemu moja saa mbili bila kushika simu, hiyo ndo ngumu.

Hatua ya 1: Chagua mtaa kwanza, jengo baadaye

Kosa la wengi ni kukimbilia lile jengo la kwenye kalenda. Ngome ya Yesu ya Mombasa kila mtu keshaichora. Sikatai, ichore, Wareno wameijenga kati ya 1593 na 1596 na kuta zake ni shule kabisa ya mwanga na kivuli, lakini jua kwamba umbo lake lile linalosemwa linafanana na mtu amenyoosha mikono huwezi kuliona ukiwa chini, utachora ukuta na ukuta na ukuta mwingine. Toka pale, ingia Mji wa Kale, fuata Ndia Kuu, angalia juu kwenye roshani za mbao. Hapo ndo utapata kazi ya wiki nzima.

Kila mji una tabia yake, na ukishaijua hutachora Lamu ikafanana na Unguja. Nyumba za kale za Lamu zimegeukia ndani. Nje ukuta mtupu, mlango umeingia kwenye daka, kile kibaraza cha mlangoni, uzuri wote uko ndani kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani, na zile zidaka, vishubaka vya ukutani. Mji Mkongwe umechanganyika: kuna nyumba za Kiarabu kubwa za mraba zilizokaa kimya, na kuna nyumba za Kihindi ambazo zimegeukia barabarani, duka chini, roshani juu, mapambo kila mahali. Kilwa Kisiwani, Gede na Kaole ni magofu, hakuna waya wala nguo zilizoanikwa, una mawe na mizizi na ukimya. Bagamoyo imekaa katikati, nusu inaishi nusu inabomoka.

Siku ya kwanza usichukue penseli. Namaanisha hivyo. Zunguka tu, asubuhi mara moja, alasiri mara moja, uone jua linapiga wapi, watu wanakaa wapi, pikipiki zinapita wapi, punda wanapita wapi. Lamu niliwahi kuweka kikopo changu cha maji ya rangi chini kwenye Usita wa Mui, punda akapita na mawe ya ujenzi mgongoni, kikopo kikaenda, mchoro ukaenda, punda hata hakugeuka.

Hatua ya 2: Piga hodi

Hii naiweka mapema kwa sababu inaharibu kazi kuliko mkono mbaya. Majengo haya si makumbusho yote, humo wanalala watu. Ukitaka kukaa kwenye baraza ya mtu, salimia kwanza, salamu kamili, si "mambo" kwa mzee wa miaka sabini. Shikamoo, subiri marahaba, uliza hali, kisha sema shida yako: "Mzee naomba nikae hapa nichore ule mlango wa mbele." Nimefanya hivyo mara nyingi sana na naweza kuhesabu kwa vidole waliokataa, na waliokataa walikuwa na sababu.

Ukiambiwa karibu ndani, usitoe kitabu mpaka uambiwe. Ndani ya nyumba kuna akina mama, kuna vitu vya watu. Mie naomba kuchora ukuta tu wa zidaka na nikishaonyesha nilichochora wanaelewa kwamba sikumchora mtu. Watu wasichorwe bila kuulizwa, hasa wanawake, na hata ukiwachora kwa mbali wafanye vivuli tu.

Msikitini nje ruhusa, ila wakati wa sala sogea, na Ijumaa mchana usijaribu kabisa kuziba njia na stuli yako. Vituo vya polisi, kambi na sehemu za bandari, acha penseli mfukoni, hata kama jengo ni la kale na zuri namna gani. Hutaki kuanza kueleza habari za urithi ukiwa umekaa kaunta.

Kwenye magofu yaliyo chini ya serikali lipa kiingilio chako, chukua risiti, mwambie mlinzi unachora na utakaa muda mrefu. Kilwa Kisiwani kibali kinachukuliwa bara, Kilwa Masoko, kabla hujapanda mashua, usivuke kwanza ukidhani utajieleza kulekule. Usipande juu ya kuta, usiegemeze ubao wako kwenye kaburi. Naona aibu kuandika hili lakini nimeona watu wanakaa juu ya makaburi ya nguzo wanakula chipsi.

Hatua ya 3: Jua, maji na upepo

Kwetu huku jua la saa sita linakaa utosini. Kivuli chote kinaingia chini ya jengo, ukuta unakuwa bapa kama boksi la viatu, na wewe unaungua. Chora saa 1 mpaka saa 3 na nusu asubuhi, halafu rudi saa 10 mpaka magharibi. Katikati nenda kalale au fanya michoro ya ndani.

Sasa ujue jengo limeangalia wapi. Mbele ya Lamu kumeelekea mashariki, upande wa Manda, kwa hiyo asubuhi ndo nyumba za ufukweni zinawaka, jioni ziko kivulini zote. Forodhani ni kinyume, kumeelekea machweo, Ngome Kongwe na majumba ya pale yanapata mwanga mzuri alasiri. Mtu akija Forodhani saa 1 asubuhi anachora kiza tupu kisha analalamika rangi zake mbaya.

Kama unaenda kwa mashua ulizia maji. Yakiwa yamekupwa, hasa siku za bamvua yanapopwa mbali kabisa, mashua inaweza kuishia mbali na wewe ukatembea na begi kichwani. Na ukifika Kilwa, kitu cha kwanza kukiona ufukweni ni Gereza, ile ngome, maji yakijaa inakaa kama imesimama baharini, yakipwa kuna eneo pana la mchanga na mawe mbele yake. Ni michoro miwili tofauti. Chagua unataka upi halafu panga safari kwa hiyo.

Masika rangi ya maji haikauki, unakaa unapepea karatasi kama mtu anayechoma mishikaki. Kaskazi ikivuma inakauka kabla brashi haijafika upande wa pili. Zoea tu.

Hatua ya 4: Vifaa, na usibebe duka

Kitabu cha karatasi nene, ukipata ya gramu 300 vizuri zaidi, haijikunji ukimwaga maji. Penseli HB ya kupima na 4B ya kivuli. Kalamu moja ya wino usioyeyuka na maji, ijaribu nyumbani kwanza maana zipo zinazosema haziyeyuki na zinayeyuka. Rangi za maji sita saba, brashi mbili. Klipu nne za upepo. Kigoda au stuli ya kukunja. Kofia. Futi ya fundi, ile ya kujikunja, nitaeleza ya nini. Basi. Niliwahi kubeba turubai na mguu wa kusimamishia hadi vichochoroni Mkunazini, watu wakawa wanapita wameinama chini ya mchoro wangu, sirudii.

Hatua ya 5: Lisome jengo kabla hujalichora

Hapa ndo penyewe. Ukijua limejengwaje, mkono unajua wenyewe uende wapi. Usipojua, utachora ukuta wa kale na ukatoka kama wa bloku za saruji.

Ukuta wa nyumba ya kale ya mwambao ni mawe ya matumbawe yaliyochimbwa ardhini, vipande visivyo na umbo, vimeshikanishwa kwa chokaa na udongo, kisha ukapigwa lipu ya chokaa juu. Unene wake ni kama nusu mita na zaidi. Matokeo yake kwa mchoraji ni nini? Kwanza, hakuna mstari ulionyooka kwa rula. Kona zimekuwa mviringo kidogo, ukuta una tumbo, chini mpana kuliko juu. Ukichukua rula umeshaharibu. Pili, dirisha limezama ndani, kwa hiyo kila dirisha lina kivuli kinene upande mmoja na ukingo wenye mwanga upande wa pili. Kile kivuli ndo kinachosema "ukuta huu mnene". Wanaoanza wanachora dirisha kama limebandikwa na gundi.

Halafu kuna jiwe la pili, la matumbawe laini ya baharini. Lile linakatwa likiwa bado bichi na laini, likikaa hewani linakuwa gumu, na ndo lililotumika kwenye kazi za nakshi, mihrabu, fremu za milango, vishubaka. Ukiwa gofuni Gede au Kilwa angalia tofauti: ukuta umekwaruza na mashimo, lakini ukingo wa mlango au wa mihrabu umekatwa safi kama sabuni. Tumia mistari ya aina mbili. Ukutani vunja mstari, acha uruke. Kwenye ukingo uwe mmoja, mtulivu.

Boriti sasa. Dari imebebwa na miti ya mikoko, na mkoko una urefu wake, haujali umaarufu wa mwenye nyumba. Kwa hiyo vyumba vya kale vimekuwa vyembamba, karibu mita 2 na nusu mpaka 3, halafu virefu. Boriti zinakwenda kwa upande ule mfupi. Ukichora chumba kipana kama ukumbi wa harusi na boriti zimekatisha bila nguzo, fundi yeyote wa Lamu atacheka, na atakuwa na haki. Hapo ndo futi inapoingia: pima chumba kimoja tu, mlango mmoja tu, andika pembeni. Vipimo viwili vinatosha kukuzuia usidanganye jengo zima.

Na usome historia kidogo, maana majengo yanabadilika. Mfano ni hiyohiyo Beit al-Ajaib. Sultani Barghash aliijenga 1883, na mnara wa saa tuliouzoea mbele yake haukuwepo mwanzo, mnara wa awali ulikuwa umesimama peke yake na uliharibika Waingereza walipopiga mabomu Agosti 1896, vile vita vya chini ya saa moja. Sasa mtu anachora "Zanzibar ya Barghash" na anaweka mnara katikati, ameshachanganya. Si kosa la mkono hilo.

Hatua ya 6: Chora kubwa kwanza

Kaa. Vuta mstari mmoja mlalo mwepesi kwenye karatasi, huo ni usawa wa macho yako. Ukikaa kwenye baraza unakuwa chini, labda usawa wa kitasa cha mlango. Kila kitu kilicho juu ya mstari huo, roshani, kingo za paa, kinashuka kuelekea kwake kadiri kinavyokwenda mbali, na kila kilicho chini, ngazi, mabaraza, kinapanda kuelekea kwake. Ukiishika hiyo moja umemaliza nusu ya kazi.

Ila vichochoro vyetu vina ujeuri wao. Wanaofundisha darasani wanakwambia mistari yote inakutana kwenye nukta moja. Kweli, kama barabara imenyooka. Mji Mkongwe hakuna nyumba iliyokubaliana na jirani yake, moja imegeuka kidogo kulia, inayofuata imejisogeza kushoto, kwa hiyo kila nyumba ina nukta yake, zote juu ya mstari uleule wa macho. Chora moja, maliza, hamia inayofuata. Usizilazimishe zote kwenye nukta moja, kichochoro kitakuwa kama korido ya hospitali.

Kwa vipimo tumia penseli: nyoosha mkono, funga jicho moja, pima urefu wa mlango, kisha hesabu milango mingapi inaingia mpaka juu ya paa. Mitatu na nusu? Andika mitatu na nusu. Kisha upana nao. Nyumba nyingi za vichochoroni ni ndefu kuliko unavyodhani, na jicho letu linapenda kuzifupisha ili ziingie kwenye karatasi. Geuza karatasi wima.

Na hesabu. Madirisha mangapi, nguzo ngapi, vyuma vingapi vya roshani kati ya nguzo na nguzo. Huna muda wa kuchora vyote, sawa, chora sehemu moja kamili kabisa, halafu andika namba: "hivi mara kumi na moja". Siyo "zinaendelea hivyo hivyo". Mie nimeshalipa ada ya somo hilo.

Lamu ukikutana na wikio, kile chumba kinachokatiza juu ya kichochoro kuunganisha nyumba na nyumba, simama hapo. Giza chini yake, mwanga nyuma, mchoro umejipanga wenyewe. Weka giza kwanza kwa 4B bila huruma.

Hatua ya 7: Mlango, na huu utakula siku nzima

Mlango wa nakshi una mpangilio, si maua yaliyomwagwa. Anza na miimo ya pembeni na kizingiti cha juu, kisha mbao mbili, kisha mfaa, ule mhimili wa katikati unaofunika pale mbao zinapokutana. Angalia mfaa umegongwa kwenye ubao upi, maana unafuata ubao mmoja ukifunguka. Niliuchora mlango mmoja Shangani umefunguliwa nusu na mfaa nikauacha umesimama peke yake katikati kama nguzo ya umeme. Mzee aliyekuwa akinywa kahawa kanitazama, katazama karatasi, akasema, "Sasa mwanangu, na huu mtu anaingilia wapi?" Nikafuta.

Ya kale yenye mtindo wa Kiarabu ina kizingiti kilichonyooka juu, ya Kihindi mingi ina tao na vijisehemu vidogo vidogo na misumari mikubwa ya shaba. Ile misumari asili yake inasimuliwa ni India, kuzuia tembo wa vita wasisukume mlango, huku kwetu ikabaki urembo na heshima. Usichore kila msumari kama duara. Chora kivuli chake kidogo chini na nukta nyeupe juu, uache karatasi yenyewe iwe mng'ao.

Nakshi zenyewe, tafuta kinachojirudia. Pembezoni mara nyingi kuna mnyororo, chini utaona mawimbi au magamba ya samaki, kati kuna waridi au yungiyungi, yanapanda juu kama mmea unaotoka majini. Chora kipande kimoja kwa ukaribu kwenye ukurasa wa peke yake, ukubwa wa kiganja, mpaka ukielewe kisu cha seremala kilipita wapi kwanza. Kwenye mchoro mkubwa utadokeza tu na utadokeza sawasawa.

Juu kwenye kizingiti kunaweza kuwa na maandishi ya Kiarabu, aya au jina na mwaka. Tafadhali usichore minyoo. Ni maneno, na pengine ni maneno ya Mungu. Kama husomi, nakili umbo kwa makini au muulize mwenye nyumba, na kama muda hautoshi acha pale patupu. Mwaka ukiwa wa Hijria una hesabu ya haraka: zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622. Kaburi lenye tarehe pale Gede limeandikwa 802, ukipiga unapata kama 1400, na wenyewe wanasema 1399, kwa hiyo hesabu inakukosesha mwaka mmoja tu, kwa mchoraji inatosha.

Hatua ya 8: Rangi ya ukuta mweupe ambao si mweupe

Chokaa ikizeeka inakuwa na krimu, kijivu, kijani cha ukungu, na michirizi myeusi inayoshuka kutoka kwenye mifereji ya paa. Lowanisha ukuta wote, weka krimu nyepesi sana, ikiwa bado mbichi dondoshea kijivu juu kabisa na ukiache kishuke chenyewe. Karatasi inafanya kile mvua ilichofanya. Kivuli usichanganye kwa rangi nyeusi ya chupa, changanya bluu nzito na kahawia, kitakuwa na uhai. Na kichochoroni mwanga unaruka kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, kwa hiyo ndani ya kivuli kuna joto kidogo, weka tone la njano chini.

Angalia pia viraka. Kiraka cha chokaa kingo zake zimeyeyuka ndani ya ukuta. Kiraka cha saruji ni kijivu kikavu, kingo kali, na mara nyingi pembeni yake lipu inabanduka. Hii ni kwa sababu ukuta wa matumbawe unapitisha unyevu na chumvi, ukiufunga kwa saruji maji yanakosa pa kutokea, yanatokea pembeni na kusukuma lipu. Chora hiyo. Mtu wa uhifadhi akiona mchoro wako ataisoma kama daktari anavyosoma cheti.

Kuhusu waya, tenki na mabati

Hii si hatua ni ugomvi. Wachoraji wengi wanaondoa kila kitu: waya za umeme, matenki meusi ya maji, dishi, viyoyozi, mabati ya kutu, mtungi wa gesi mlangoni. Mtalii anapenda hivyo, sijui. Mie nasema acha. Ule mji unaouchora bila waya hukuuona, umeuota. Mchoro wa miaka mia iliyopita tunaupenda sababu aliyechora aliweka hata mbuzi aliyekuwa amelala mlangoni. Kama waya zinaziba mlango, sogeza stuli hatua mbili. Ufa nao uchore, uanzie pale unapoanzia na uishie pale unapoishia. Mwaka ujao utajua umerefuka au la.

Hatua ya 9: Nyuma ya karatasi

Kabla hujainuka andika: tarehe, saa, mtaa, umekaa wapi na unaangalia wapi, vipimo vyako viwili, jina la jengo wanavyoliita wenyeji, siyo kwenye ramani ya watalii tu. Wanavyoliita wenyeji ndo urithi wenyewe. Kuna nyumba ramani inaiita hoteli na mtaa mzima bado wanaiita kwa jina la bibi aliyekuwa akiuza vitumbua hapo. Ukisimuliwa kisa, andika umesimuliwa, usikiandike kama umekishuhudia.

Piga picha ya simu pia, sina ugomvi na simu. Ila ipige ukishamaliza kuchora. Ukipiga mwanzo unaanza kujiambia nitamalizia nyumbani, na nyumbani kuna mechi.

Hatua ya 10: Ukishamaliza

Skani au piga picha safi kivulini, weka nakala sehemu mbili. Karatasi huku pwani inaliwa na unyevu na wadudu, kwa hiyo weka kwenye boksi kavu na usiining'inize kwenye ukuta unaopata jua. Ukiuza, uza, ni jasho lako, lakini bakiza skani yenye tarehe. Halafu rudi palepale kila mwaka, kona ileile, stuli ileile ikibidi.

Na mpelekee nakala mwenye nyumba. Fotokopi tu inatosha. Kuna bibi mmoja Lamu nilimpelekea ya mlango wake, siku mbili nilikuwa nimeuchora, nimehesabu kila waridi, nilijiona mkubwa kweli. Akaishika karibu na macho, akaitazama juu mpaka chini, akanyamaza, akaniuliza, "Na msumari wangu wa kutundikia tenga?" Nikageuka. Upo, kwenye mwimo wa kulia, usawa wa bega, umepinda na una kutu. Nikatoa penseli nikauweka, kwenye nakala yake kwanza halafu kwenye ya kwangu.